Benki Hainusi Iliki

Nani kati yenu, wajukuu, amewahi kuona benki ikinusa kitu? Hakuna. Ndiyo maana huku milimani mtu akikwambia "niamini tu", unamjibu: "Benki hainusi iliki." Methali hii ilianza hivi.

Alikuwako mfanyabiashara jina lake Mntangi. Mwaka mmoja alikusanya iliki ya kijiji kizima, akampata mnunuzi wa ng'ambo. Mnunuzi huyo alikuwa amefika huku mwenyewe, akamwona Bi Chausiku, mama mkwe wa Mntangi, akipasua iliki kwa ukucha, akiinusa na kusema kama ilikaushwa juani au juu ya moshi. Basi benki yake ikaleta barua ya dhamana: tutalipa tukiona hati zote tulizozitaja, na hati ya ubora aitie sahihi Bi Chausiku kwa mkono wake.

Bi Chausiku akainusa iliki, akaisifu, ikapakiwa melini. Lakini Mntangi angempelekeaje mkwe karatasi? Mkwe hatazamwi usoni, sembuse kupewa kazi! Akampa mkewe, Zaina. Zaina naye akaona mama yuko shambani, na ya nini kumsumbua kwa kalamu? Akaandika pale pale jikoni: "Kwa niaba ya mama, Zaina."

Mjini, Mntangi akaikabidhi hati kwa karani wa benki, Bi Redempta, naye akaisoma mara moja tu.

"Aliyetia sahihi ni Zaina. Barua inamtaka Bi Chausiku."

"Dada, si mtu na mamaye hao!"

"Mimi najua, kaka. Barua haijui."

Mntangi akatoa kopo la iliki mfukoni, akalifunua mezani. Harufu ikajaa ukumbi mzima, hata askari wa mlangoni akauliza chai imeiva wapi.

"Haya, nusa! Ina kasoro?"

"Haina. Lakini nimenusa mimi, kaka. Benki hainusi iliki, inasoma karatasi. Na kesho saa tisa barua hii inakwisha muda. Ikipita hapo, mzigo uko baharini na wewe mikono mitupu."

Mntangi akapanda mlima na kalamu na hati nyingine isiyotiwa sahihi, akiziona nyuso za wote waliomkabidhi magunia yao. Akasimama nje ya jiko la mkwe, akaupa mlango mgongo, akabisha hodi kwa kinywa chake, mara ya kwanza tangu aoe. Akaeleza yote, mpaka la kopo.

"Na kama kuandika ni taabu, mama..."

Hakumaliza. Karatasi ilichukuliwa mkononi mwake, na iliporudi ilikuwa na jina zima, herufi kubwa zilizonyooka.

Hati iliwahi, msihofu, na kila mtu akapata haki yake. Lakini sikieni alivyosema Bi Chausiku alipoirudisha kalamu.

"Nilihitimu kisomo cha watu wazima wewe hujaja hata kuposa. Kila msimu mnaazima pua yangu, kalamu mnampa mwingine. Benki hainusi iliki, mwanangu, ndiyo maana imeulizia mkono wangu. Nami siku zote nilitaka hilo tu: niliandike jina langu mwenyewe."