Mawe Meusi ya Mghoi

Mwadime, tajiri wa machimbo ya vito, alisikia kwamba mawe meusi ya turmalini yasiyochongwa humkinga mtu na husuda, na humtuliza moyo akiyakanyaga pekupeku. Akasikia pia kwamba shamba la mjane Mghoi limejaa mawe hayo. Akaenda na lori na vibarua wanane.

"Nimekuja kuyachukua," alisema.

"Niachie, baba. Ndiyo yanayonilinda," Mghoi alisema, akijifuta macho kwa kanga.

"Mungu atakulinda."

"Basi nibakizie yale makubwa ya chini. Hayo ndiyo yenye nguvu."

Mwadime akawageukia vibarua. "Chimbeni mpaka chini. Lisibaki hata moja."

Walichimba siku tatu, Mghoi ameketi mlangoni kama aliyefiwa. Lori lilipoondoka mara ya mwisho, Mwadime alikuwa amevua viatu, amesimama juu ya shehena, ametulia kama mtoto aliyeshiba.

Vumbi lilipotua, Mghoi alichukua jembe na mbegu za mahindi. Tangu aolewe, shamba lile halikuwahi kulimika kwa sababu ya mawe.

"Nani alimwambia Mwadime habari za kinga?" jirani aliuliza.

"Nilimnong'oneza mkewe sokoni," Mghoi alisema, "nikamsihi asimwambie mtu."