Kichupa cha Waridi na Udi

Mpo? Sogeeni basi niwape kisa, na atakayejiona humo asininunie.

Paliondokea mtu, Shaame, na mkewe Mwanakheri. Siku moja Shaame alimwokoa jini aliyenaswa kisimani, akapewa kichupa cha mafuta ya waridi na udi. "Mpake mkeo," jini akasema. "Kila ukimpaka, kitajaa tena."

Shaame akacheka. Tangu lini jini akasema kweli? Akakifungia sandukuni.

Idi ikafika. "Bwana, nipake japo tone."

"Ngoja harusi ya dada yangu."

Harusi ikafika. "Bwana, nipake japo tone."

"Ngoja tuhamie nyumba mpya."

Wakahamia. "Bwana, japo tone."

"Ngoja! Kitu cha thamani hakichezewi."

Mwanakheri hakuomba tena. Masika ile, homa ikamchukua.

Waosha maiti wakauliza, "Hamna cha kutia kwenye sanda?" Shaame akakileta kichupa mbio, wakakimimina chote. Harufu ikajaa nyumba, ikatoka hadi njiani.

"Mume alimpenda huyu," wakasema, wakamrudishia kichupa chake.

Kilikuwa kimejaa pomoni.

Mpaka leo hulimwagia kaburi kila Ijumaa, na kichupa hakijapungua. Kisa changu kimekwisha. Mwenye sanduku nyumbani akalifungue.