Mgeni wa Siku ya Tatu

Habari hii nimeipokea kwa wazee, na wazee waliipokea kwa watu ambao sasa ni udongo, basi mkiona ndani yake kombo msinishike mimi. Alikuwako katika zama zilizopita sultani mmoja, jina lake Sultani Abdulmuizi bin Jabali, na mji wake ukiitwa Nujumani, mji wa kuta nyeupe na vitalu vya asumini, na fahari yake haikuwa dhahabu wala majeshi, bali milango yake. Milango ya Nujumani haikufungwa mchana, na mtu akipiga hodi hujibiwa "karibu" kabla uso wake haujaonekana, na kuuliza "nani?" kulihesabiwa utovu wa adabu, hata mtoto akiuliza hivyo mama yake humfinya sikio. Ndiyo ada waliyolelewa nayo, nao wakaipenda, na kwa ada hiyo hiyo wakafikwa na msiba.

Siku moja ya jua kali mfua dhahabu aitwaye Hilali, mtu mpole asiyeweza hata kuchinja kuku, alikutwa dukani mwake ameketi juu ya maiti ya ndugu yake pacha, na shingoni mwa maiti vumbi la dhahabu likimetameta kwa alama za vidole. Aliyemkamata ni Ghalibu bin Seifu, mkuu wa wapelelezi wa Sultani, mtu mwenye jicho kali na maneno machache. Hilali hakuwa na la kujitetea ila kwamba alisikia hodi mlangoni, akasema karibu, na hakuingia mtu, na baada ya hapo hakumbuki kitu. Ghalibu alicheka, akasema muuaji asiye na uongo bora kuliko huo anastahili kufa. Na Sultani Abdulmuizi, na Mungu atuepushe na wafalme wenye haraka, akaamuru shingo ya Hilali ikatwe kabla ya alasiri, na mkewe Bi Shinuna akaachwa mlangoni pake na makaburi mawili ya kuzuru.

Haukupita muda, Bi Jokha, mtumishi wa nyumba ya tajiri mmoja, akamsukuma kisimani bibi aliyemlea tangu utotoni, naye alipoulizwa akalia akisema alisikia hodi, akaitika, hakuingia mtu. Akauawa vilevile. Na Ghalibu akarudi nyumbani, akala chakula chake, akalala usingizi mzuri, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha.

Ghalibu huyu alikuwa na mke, Bi Zuwena, na Mungu hakuwajalia mtoto, lakini Zuwena alimlea mdogo wake Salha tangu wazazi wao walipofariki, akamlea kwa mikono yake hata akawa mwari wa kuposwa, na akaposwa, na siku ya arusi ikawekwa. Salha alikuwa amepanda kitalu cha asumini uani, akisema maua ya nywele zake siku hiyo hayatanunuliwa sokoni. Basi Zuwena alikuwa akimpaka hina, na binti akicheka kwa kuwa nyayo zinamwasha, na mlangoni ikasikika hodi. Zuwena hakuinua hata kichwa. Akasema, "Karibu."

Fahamu zilipomrudia, wanawake walikuwa wakipiga mayowe, na Salha amelala mkekani hana roho, na shingoni mwake alama za vidole kwa hina mbichi.

Aliitwa Ghalibu, akaja kama anavyokuja kwenye nyumba za watu, akazitazama alama, kisha akaitazama mikono ya mkewe, na hapakuwa na haja ya kuuliza. Akauliza hata hivyo. "Zuwena, nini hiki?"

"Nilisikia hodi, nikasema karibu," akasema Zuwena, na sauti yake haikuwa na machozi bado. "Hakuingia mtu."

Ghalibu akakaa chini sakafuni, akaliona tena moyoni vumbi la dhahabu kwenye shingo ya pacha wa Hilali, na akajua kwamba aliwapeleka watu wawili wasio na hatia kwa mwenye upanga, na mmoja wao yeye mwenyewe alimcheka. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimpanda mgongoni asishuke tena.

Sheria ni sheria, naye alimpeleka mkewe gerezani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha enzi, akaeleza kwamba mjini mna kiumbe anayeingia ndani ya watu, akaua kwa mikono yao, akatoka. Akasema damu ya Hilali na ya Jokha imo shingoni mwake yeye Ghalibu. Sultani akageuza uso, kwani damu hiyo ilikuwa shingoni mwake pia, na wafalme hawapendi kukumbushwa.

"Ewe Ghalibu," akasema, "umetutumikia kwa uaminifu, na kwa ajili hiyo tunakupa muda hadi Ijumaa. Tuletee muuaji huyo, na mkeo atakuwa huru. Usipomleta, atakwenda walikokwenda wenziwe, kwani upanga uliomkata Hilali hauwezi kuwa butu kwa mke wa mpelelezi."

Ikapigwa mbiu ya mgambo mji mzima, kwamba asithubutu mtu kuitikia hodi hadi itakapotolewa amri nyingine. Na hapo Nujumani ikawa kama makaburini. Jamaa waligeuzwa milangoni pa jamaa zao, na mwanamke mmoja aliyeshikwa na uchungu akapita mtaa mzima akipiga hodi, na watu wakamsikia, wakaziba masikio, akajifungulia njiani juani. Waliomsikia hawakuweza kutazamana siku nyingi.

Ghalibu akaenda gerezani kumwomba radhi mkewe, akamkuta ameketi akiitazama mikono yake yenye hina. Zuwena alikuwa amewaza peke yake yale ambayo wapelelezi wote hawakuyawaza.

"Bwana," akasema, "huyu ameua watu, lakini kwanza hupiga hodi. Kwa nini apige hodi mtu asiye na adabu? Hapigi kwa kupenda. Amefungwa na ada, hawezi kuingia asipokaribishwa. Na ada ya mgeni haiishii mlangoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyefungwa na hodi atafungwa na jembe."

"Basi anahitaji wa kumkaribisha," akasema Ghalibu, "na wa kumzuia asitoke." Na wote wawili wakajua ni nani na nani.

Sultani alipoelezwa shauri hilo akaridhia, akamtoa Zuwena chini ya ulinzi, na askari wakasimama nje ya nyumba. Ghalibu akafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya uani, na Zuwena akalifunika kufuli la mnyororo kwa hirizi yenye Ayatul Kursiyyu, ili aliyeingia asitoke pasipo ruhusa ya mwenye nyumba. Ghalibu akamwambia asimwonee huruma, litakalokuwa na liwe, na akamwomba amsamehe kwa kuwa alimshika mkono kama mwizi. Zuwena akasema alishasamehe. Adhuhuri ikasikika hodi, ya upole, kama ya mtu aliyetoka safari ndefu, na katika mji mzima mlango mmoja tu ukaitika.

"Karibu," akasema Ghalibu, na ndilo neno lake la mwisho hapa duniani.

Macho yake yakageuka rangi ya kaa la moto, na sauti isiyo yake ikasema, "Mmenifunga."

"Tumekukaribisha," akasema Zuwena. "Maji haya, nawa. Jina lako nani, mgeni?"

Mgeni akasema jina lake ni Shahabili, na kwamba zamani alikaa safu moja na malaika, akifagia ukumbi ambao mwangaza wake hausimuliki, hata siku walipoamriwa wamsujudie mja wa udongo, naye pamoja na Iblisi akakataa, akisema moto hauinamii udongo, akatupwa. Tangu siku hiyo amekuwa akizunguka milangoni, na kila anapoona wawili wa udongo wakipendana, roho humuuma, huwatenganisha kwa mikono yao wenyewe. Hayo aliyasema bila kujuta. Na Zuwena akamlisha wali kwa mchuzi wa kuku kinywani mwa mumewe, kwa kuwa mgeni ni mgeni, na ukimlaumu wewe msikilizaji, mimi simlaumu, maana sijui ningefanyaje.

Siku ya pili mwili wa Ghalibu ukaanza kutoka jasho lenye mvuke, na midomo ikapasuka. Shahabili akasema, "Sijawahi kukaa ndani ya mtu muda huu. Mumeo ameungua ndani, na pumzi anayovuta naivuta mimi. Nifungulie nitoke, naye atakufa. Niache nikae, nami nitakuwa nikikuita jina lako kwa sauti yake kila asubuhi." Kisha akamwita, "Zuwena," kwa sauti ya Ghalibu hasa. Bi Zuwena akatoka nje, akajifunika kanga usoni, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi ya siku ya tatu akamfungua mnyororo, akamwekea jembe miguuni.

"Kitalu kile kilikuwa cha mdogo wangu," akasema. "Kimeota majani. Leo wewe si mgeni tena."

"Aliyeniamuru niiname ni mkubwa kuliko wewe," akasema Shahabili, "nami sikuinama."

"Huko uliambiwa usujudu. Hapa hakuna anayetaka sijida yako. Ni kulima tu, kama watu wa nyumba hii."

Akakataa, na ada ikamshika, hawezi kutoka wala kuketi. Basi Zuwena akalichukua jembe mwenyewe, akalima, na kila palipo shina la asumini akalizunguka taratibu kama Salha alivyokuwa akifanya, na machozi yakimdondoka udongoni. Shahabili akamtazama muda mrefu. Kisha akasema, na kiburi kimemtoka sautini, kwamba tangu alipotupwa watu wamemkimbia na wamemlaani, lakini hakuna aliyempa kazi. Akanyoosha mkono.

Zuwena akasita, kwani alijua anachokitoa. Akaitazama sura ya mumewe mara ya mwisho, akampa jembe.

Shahabili akainama, na aliyekataa kuuinamia udongo mbele ya malaika akauinamia katika ua wa mwanamke aliyefiwa, akalima mstari mmoja, akainama zaidi, hata paji la uso likagusa ardhi. Moto ukafa kama kaa lililofukiwa. Na Zuwena alipomgeuza, alikuwa Ghalibu mtupu, ametulia, amekwisha.

Sultani akamwachia huru, akampelekea vitambaa na dhahabu na mposaji kutoka jamaa zake, kwa kuwa masultani hudhani kila jeraha lina bei yake. Zuwena akarudisha vyote, akaomba kitu kimoja tu, kwamba mpiga mbiu apite mitaani atangaze kuwa Hilali na Jokha walikufa hawana hatia. Ikatangazwa. Ikatangazwa pia kwamba hodi ziitikiwe kama zamani, lakini watu walikuwa wameingiwa na hofu, na milango ya Nujumani ikabaki kimya.

Siku moja Zuwena alikuwa amekaa eda, peke yake, hina ya kucha zake haijaisha kufutika, na mlangoni ikasikika hodi. Hodi ikarudiwa. Akaitazama mikono yake, akaikunja mapajani.

"Karibu," akasema.

Akaingia Bi Shinuna, mjane wa Hilali, ambaye mumewe alipelekwa kwa upanga na mume wa mwenye nyumba hii. Amebeba sufuria ya uji kwa kitambaa, kwani ulikuwa wa moto. Akaketi mkekani karibu yake, akamtilia bakulini.

Na mafunzo ya habari hii ni kwamba hofu ikifunga mlango humzuia shetani mmoja, na pamoja naye watu wote wa kukulilia. Waliotuachia hadithi wameiachia hapo, kwenye mkeka ule, uji ukipoa, nami sina la kuongeza.