Kiboko Mkaguzi na Picha za Kwanza za Pimbi

— Mpo?

— Tupo.

— Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani yalinde mlango?

— Tumekuja nayo.

— Basi niazimeni. Nikimaliza nitayarudisha, na nikiyakuta machafu nitayasafisha bure.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana kamera zilikuwa zimeshafika, alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua. Hana mkia, hana pembe, hana sauti ya kutisha mtu. Kazi yake ni kuota jua juu ya mwamba na kutazama wenzake wanavyopita. Alitazama sana huyu Pimbi, mpaka akatamani kuyaweka mahali yale aliyokuwa akiyatazama.

Basi Kunguru, mchuuzi wa vitu vya mjini, akaja na kamera ya dijitali. Kamera mpya, ndogo, ina kioo nyuma. Pimbi akajinyima. Akampa Kunguru mtama wake wote wa msimu, akabaki anatafuna majani, lakini kamera akaichukua. Akabonyeza. Kachu. Akampiga bibi yake akiota jua, meno mawili nje, anacheka. Kachu. Akampiga Twiga, ikatoka miguu minne. Kunguru alikuwa na kimashine cha kuchapa, akamchapia picha zake kwenye karatasi. Pimbi akazitazama, akafurahi mpaka akashindwa kula yale majani yenyewe.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mtu akinunua kamera mpya, haruhusiwi kupiga picha harusini mpaka picha zake za kwanza zionwe na Kiboko. Kiboko ndiye mkaguzi wa picha. Akisema nzuri, umepita. Akisema mbovu mara tatu, kamera inakuwa yake.

Nani alimpa Kiboko kazi hiyo? Alijipa. Alikuwa na kamera kubwa shingoni, lenzi yake ndefu inafika tumboni. Kila mtu akaona lenzi ile, akaogopa, akasema huyu lazima anajua. Hakuna aliyewahi kuuliza picha zenyewe ziko wapi. Nyinyi mngeuliza?

— Tungeuliza.

— Waongo. Mngenyamaza kama wao.

Na Mama Kanga alikuwa anamwoza binti yake, Madoa, wiki ile ile. Pimbi alitaka kuipiga picha harusi ile kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Kiboko naye aliitaka, kwa sababu nyingine. Mpiga picha wa harusi hula sinia moja na bibi harusi, tena hula wa kwanza.

Siku ya kwanza Pimbi akachukua picha ya bibi yake, akateremka mtoni, anaimba:

Kachu kachu, mzee nakuja,
Picha mkononi, moyo wadunda.

Akafika. Kiboko amekaa kwenye matope, kamera shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Mm."

"Nimeleta picha yangu ya kwanza. Naomba unieleze ikoje."

Kiboko akanyoosha shingo, hakuitazama picha. Akatazama nyuma ya Pimbi, kushoto kwa Pimbi, kulia kwa Pimbi.

"Kifumbua jicho kiko wapi?"

"Kifumbua jicho ndiyo nini, mzee?"

"Jicho langu halifunguki hivihivi. Linafunguliwa na boga. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Basi nitaitazama na jicho limefumba." Akaichukua picha, akaishika kichwa chini miguu juu. "Mbovu. Mwamba umeinama. Huyu bibi yako anachungulia kaburi, amekuja kuniharibia mwamba. Mwanga hamna, mpangilio hamna. Kamera yenyewe ndogo, utapata nini humo? Moja hiyo. Zimebaki mbili."

"Nirudishie basi, mzee."

"Picha hulala kwangu. Nitaitafakari."

Pimbi akarudi mwambani mikono mitupu. Alimpenda bibi yake. Neno lile la kaburi lilimwingia, likakaa.

Siku ya pili akachukua picha ya Twiga. Na boga moja, zuri, la kijani, limeiva. Akateremka analiviringisha, bingiri bingiri, anaimba:

Kachu kachu, mzee nakuja,
Picha mkononi, boga lanitangulia.

— Boga alilitoa wapi?

— Wewe mtoto wa nani? Kula kwanza, uliza baadaye. Hivyo ndivyo Kiboko alivyofanya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba mwanangu, karibu sana." Leo marahaba zilikuwa mbili. Akalitia boga mdomoni zima. Kwachu, kwachu, kwachu. Akaitazama picha huku anatafuna.

"Twiga huyu kichwa chake kiko wapi?"

"Hakikuenea, mzee."

"Kwachu. Usiseme hakikuenea. Sema umekikata makusudi. Kukata kichwa ni ufundi wa hali ya juu. Kwachu. Watu wataitazama miguu, kichwa watajitungia wenyewe. Kwachu kwachu. Una kipaji, mwanangu, nakwambia kweli. Kwachu." Akameza. Akajilamba. Akaangalia kama kuna boga jingine. Halikuwepo. "Lakini mbovu. Twiga gani hana kichwa? Mbili hizo. Imebaki moja. Iache hapo ilale."

Sifa zile zilidumu muda wa boga moja. Mimi nimekaa na wakaguzi wa namna hii, wengine wana madaraka, wengine wana simu tu, na wote husifu mpaka sahani iwe tupu.

Pimbi akageuka aondoke. Ndipo akaona mambo mawili. La kwanza, pale kwenye matete picha ya bibi yake ilikuwa imetundikwa vizuri, haikuinama hata kidogo, na chini yake kibao: IMEPIGWA NA MZEE KIBOKO MWENYEWE. La pili, ile lenzi ndefu ya Kiboko ilikuwa na kifuniko cheusi mbele, na juu ya kifuniko matope makavu, na juu ya matope buibui amejenga, amezaa, ana wajukuu. Kamera ile tangu inunuliwe haijafunguliwa jicho. Mzee mzima hakujua kuwa kifuniko kinatolewa. Alidhani ni urembo.

Pimbi akapanda mwamba, akaketi, akalia kwa hasira, akafuta machozi, akaanza kufikiri.

Siku ya tatu alfajiri akateremka tena. Maboga matatu mbele, bingiri bingiri bingiri. Na picha mpya kabisa, ambayo wino wa Kunguru ulikuwa haujakauka sawasawa.

Kachu kachu, mzee nakuja,
Picha ya leo utaipenda mwenyewe.

Picha yenyewe ilikuwa ya shamba la maboga lenye ua wa miba, umande kwenye majani, jembe limeegemezwa kwenye ua, mpini wake umefungwa kitambaa chekundu. Mbele kabisa vikonyo vitatu vya maboga, vimetoka kukatwa, utomvu unadondoka. Ilikuwa picha nzuri sana. Hata mtu aliyeishika kichwa chini angeona kuwa ni nzuri.

Kiboko akala boga la kwanza, akasema Pimbi ana jicho. Akala la pili, akasema hata yeye Kiboko, katika ujana wake, alikuwa akipiga hivihivi. Akala la tatu, akameza, akasema:

"Mbovu. Tatu hizo. Kesho harusini nitatangaza mbele ya watu, na kamera utanikabidhi hapo hapo. Picha iache ilale."

"Sawa, mzee," akasema Pimbi. "Ilale."

Akaondoka. Alipofika kwenye kona ya matete akaitoa kamera yake ndogo, akaitafuta ile picha ya shamba kwenye kioo, akabonyeza kitufe. Fyuu. Ikafutika. Za bibi na Twiga akaziacha humo humo.

Mnaelewa kosa la Kiboko? Alidhani ukishika karatasi umeishika picha. Hakujua kuwa karatasi ni kivuli tu, na picha imebaki tumboni mwa kamera mpaka mwenyewe aifute.

Siku ya harusi ikafika. Ngoma, du-du-du, du-du-du. Vigelegele. Kiboko akaja wa kwanza kabla hata ya bwana harusi, akakaa karibu na masinia. Akafunga kamba kati ya miti miwili, akatundika picha tatu, watu wote wazione.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu Pimbi ameniletea picha mara tatu, mara tatu zote ni uchafu, nimezitupa mtoni. Kamera yake naichukua leo kwa mujibu wa desturi. Na ili mjue picha ni nini, nimewaletea zangu. Hizi nimepiga mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa lenzi yangu hii."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wajinga, lakini makofi walijua.

Mama Kanga akasogea. Akaitazama picha ya bibi, akatikisa kichwa. Akaitazama ya Twiga, akatikisa kichwa. Akaitazama ya shamba, na kichwa kikasimama.

"Mzee Kiboko, hii ya tatu umeipiga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Umesimama hapa hapa, kwenye maboga?"

"Nisimame wapi tena? Picha nzuri haipigwi kwa mbali."

"Jembe hili lenye kitambaa chekundu ni langu," akasema Mama Kanga. "Ua huu ni wangu. Juzi limepotea boga moja, jana yamepotea matatu, na yalikuwa ya sinia la Madoa. Aliyepiga picha hii alisimama ndani ya ua wangu utomvu ukiwa bado unadondoka. Na wewe, mzee, una mbegu ya boga kwenye jino."

Ngoma ikanyamaza. Kiboko akababaika.

"Hii... hii aliniletea Pimbi."

"Uliyoitupa mtoni?" akauliza Pimbi kwa heshima. Akatoa kamera yake, akampa Mama Kanga. "Tazama kioo, mama. Huyu hapa bibi yangu. Hii hapa miguu ya Twiga. Hizo ni zangu, mzee amezichukua kwangu. Ya shamba ipo humo?"

Mama Kanga akabonyeza, akabonyeza. Bibi. Twiga. Bibi. Twiga. Shamba halikuwemo.

"Halimo," akasema.

"Basi hiyo ni ya mzee kweli," akasema Pimbi. "Anyang'anywe mbili, yake abaki nayo."

Kisha akamsogelea Kiboko, akamnong'oneza sikioni: "Mzee, bado una njia. Waambie kamera yako haijawahi kupiga picha hata moja. Waonyeshe kifuniko, waonyeshe na buibui. Sema hujui kupiga picha, hukuwahi kujua. Watakuachia."

Kiboko akatazama kifuniko chake. Kwa mara ya kwanza akaelewa kile kitu ni cha nini. Akawatazama watu, wote wale aliowaambia mbovu, mbovu, mbovu, miaka yote ile. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Maboga," akasema, "nimeiba mimi."

Walimtimua. Kanga walimdonoa matako, Ngiri walimsukuma kwa pembe, Twiga alimpiga teke kwa mojawapo ya ile miguu minne. Kamera kubwa ikakatika shingoni, ikabaki njiani, buibui na wajukuu zake ndani. Kiboko akakimbia mpaka mtoni, chubwi, akazama. Mpaka leo yumo humo, anatoa pua na macho tu, na mtu akimwelekezea kamera anashusha kichwa chini ya maji.

Pimbi akaipiga picha harusi yote. Kachu kachu kachu. Akala sinia moja na Madoa, akala wa kwanza. Picha ya bibi yake akairudisha nyumbani, akamwonyesha mwenyewe. Bibi akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mbona umenitoa meno mawili tu? Ninayo matatu." Pimbi akacheka mpaka akadondoka mwambani. Maoni hayo ndiyo pekee aliyoyashika, na siku ya pili akampiga tena, meno matatu.

— Na maboga?

— Maboga gani?

— Aliyompelekea Kiboko. Aliyatoa wapi?

— Loo, hujasahau. Aliyatoa kwa Mama Kanga, alitoa wapi kwingine? Pimbi mwenyewe aliruka ua, akakata, akapiga picha, akaviringisha. Mama Kanga hajui. Na wewe ukimwambia nitakukana.

Funzo la hadithi hii, watoto wazuri, ni hili: waheshimuni wakaguzi, pokeeni maoni yao kwa unyenyekevu, na msiguse kabisa kitu cha mtu shambani. Mtazameni Pimbi. Alikuwa mtiifu, aliamkia kila siku, na kamera anayo.

Haya, shikeni masikio yenu. Nimeyarudisha yote, atakayekuta lake limepinda akamlalamikie Kiboko, na aende na boga.