Mstari wa Ndugu wa Karibu

Hapo zamani, siyo zamani sana, mimi nilipokuwa bado na kiuno, alilazwa wodini fundi saa mmoja, Mzee Shekiondo. Mke alikufa, mtoto hakupata. Kwenye faili lake, mstari wa "Ndugu wa karibu" ulikuwa mtupu. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, wodi nzima hotpoti na vicheko. Yeye anageukia ukuta.

Siku moja akaanza kugawa. Redio kwa jirani wa kulia. Shuka kwa jirani wa kushoto. Kandambili kwa mfagizi. Wodi ikashangilia: "Mzee mkarimu huyo! Bado meno tu!"

Nesi Mwantumu, aliyetoka juzi kwenye mafunzo ya kuhudumia wagonjwa waliokata tamaa, hakucheka. Akamvuta Anyelwisye, nesi mwenzake wa mafunzo hayo. "Mtu anayetarajia kurudi kwake hagawi kandambili. Nenda wewe kamuulize. Mimi naogopa kumtia wazo."

"Mafunzoni ulikuwa umelala? Kuuliza hakumtii mtu wazo!"

Anyelwisye akavuta pazia, akavuta kiti. "Babu, unafikiria kujiua?"

Mzee akamgeukia. Kisha, "Ndiyo." Akalia. "Mwezi mzima naulizwa kama nimekunywa dawa. Basi."

Daktari akaitwa, matibabu yakaanza.

Na nesi wa tatu, Leonsia? Huyo mafunzo hakuyaona. Ndiye aliyeachwa kushika wodi wenzake walipokwenda. Ila tangu siku hiyo, kila mchana alibeba bakuli lake la ugali na dagaa, akala kando ya kitanda cha mzee, akimsema mumewe. Alimsema wiki tatu, mpaka mzee akaanza kumtetea mume!

Siku ya kuruhusiwa, mzee akaomba faili na kalamu. "Mstari ni mmoja," akasema. "Niandike nani?"

"Mimi, babu," akasema Mwantumu. "Nisingeona, leo wangekuwa wanasikiliza redio yako matangani."

"Kuona ukanyamaza?" akadakia Anyelwisye. "Mimi ndiye niliyeuliza!"

"Nyie mlimzuia asife," akasema Leonsia. "Nani alimfanya aulize kesho tunakula nini?"

Mzee akacheka, macho yamemjaa maji. "Nilikuja sina mtu. Leo nina foleni."

Mfagizi amesharudisha kandambili, ziko miguuni. Kalamu iko juu ya mstari. Na nyie mnaonitolea macho, jibuni, mzee anataka kwenda nyumbani: je, nani alistahili kuandikwa?