Kiatu cha Kushoto

Hapo zamani za suruali za bugaluu, wakati santuri ina nyimbo mbili, mmoja wa kuuzia na mwingine wa kujazia tu, aliishi Tabora fundi cherehani aitwaye Nyanzobe. Mji mzima uliimba "Rozi Rudi", wimbo wa upande wa kwanza. Nyanzobe yeye alipenda upande wa pili, "Kiatu cha Kushoto". Alipenda besi inavyoingia kabla ya ngoma. Alipenda pale katikati gitaa linapopotea njia, na mpigaji, badala ya kurudi, anazidi kwenda. Kila akifika hapo nywele zilimsimama. Santuri yake aliipiga upande huo mpaka ikabaki kukoroma.

Basi akaanza kutuma kadi za salamu redioni. Kila wiki kadi, kila kadi "Kiatu cha Kushoto". Na kila wiki mtangazaji alisema, "Dada yetu wa Tabora amekosea tena upande, tumsaidie," akampigia "Rozi Rudi".

"Sijakosea!" Nyanzobe aliifokea redio. Wateja wakacheka. Akatuma nyingine. Miaka kumi na mmoja, mwanamke huyo hakukubali kusaidiwa.

Mwaka wa kumi na mbili redio ikaamua kutupa santuri kuukuu. Sitta, mtunza maktaba, alipoiona ile ya "Rozi Rudi" akakumbuka kadi za yule mkaidi. Akaigeuza. Akasikiliza. Akaificha. Alipoulizwa iko wapi alifunga mdomo, akafukuzwa kazi.

Sitta akapanda treni kumtafuta mwenye kadi. Habari zikamfikia na Kasubi, mpiga gitaa aliyeutunga wimbo huo, naye akaja. Santuri moja, watu watatu. Wakaiweka juu ya cherehani.

Kasubi akasema, "Niliambiwa nirudie pale nilipopotea, nikakataa. Bendi ikanifukuza siku hiyohiyo. Tangu hapo sijausikia. Huyu mwanangu, nipeni."

Sitta akasema, "Mzee wangu, mwanao angekuwa jalalani. Nimepoteza kazi kwa ajili yake na sijutii hata kidogo. Naondoka naye."

Nyanzobe akaweka mkasi chini. "Wewe ulitunga siku moja. Wewe uliokoa siku moja. Mimi nimechekwa miaka kumi na mmoja! Bila kadi zangu, Sitta, ungeigeuza? Na wewe mzee, nani mwingine nchi hii alijua kwamba hukukosea?"

Wakaiweka kwenye gramafoni ya jirani, wakafungulia sauti mpaka mwisho. Gitaa lilipopotea njia, wote watatu wakasimama. Na wimbo ulipokwisha, mikono mitatu iliishika santuri, wala hakuna uliolegea.

Haya, ninyi wa upande wa kwanza, semeni bila kigugumizi: nani alistahili kuondoka nayo?