Halua ya Multani na Bibi wa Moshi

"Mithai ya shughuli huchaguliwa na kibogoyo." Mmelisikia neno hili jana kwenye kikao cha harusi mkaangua kicheko, mkidhani mzee yule amechoshwa na vikao ndiyo maana anajisemea lolote. Hakuchoka. Neno hilo lina kwao, na kwao ni Tanga, nyumbani kwa Bi Khalida, mke wa muuza vipuri vya magari. Lilianza hivi.

Wazee wa Bi Khalida walitoka Multan, huko Pakistani, na watu wa Multan wana ugonjwa mmoja: hawaamini kwamba kuna halua nyingine duniani. Halua yao si hii yetu ya kuvutika. Yao hupikwa kwa ngano iliyooteshwa, maziwa, sukari na samli isiyo na huruma, ikapoa ikawa ngumu, na ukiivunja hulia kama kigae. Bi Khalida mwenyewe alizaliwa Tanga, na Multan hakuwahi kuiona hata kwa ndoto, lakini ikitajwa halua alikuwa Mmultani kuliko waliobaki huko.

Binti yake, Nasrin, aliposwa na kijana wa Moshi aitwaye Tarik, wa nyumba moja ya wafanyabiashara wa mbao. Posa ilikuwa njema. Bi Khalida alimsikia binti yake akiimba huku akiosha vyombo, mtu ambaye zamani kuosha vyombo kulimuumiza kichwa, akajua kwamba jambo hili likivunjika mtoto atavunjika nalo.

Ila kwa watu wao posa haijawa posa mpaka kinywa kitiwe utamu. Nyumba ya binti huandaa sinia la mithai. Mama wa binti huchukua kipande, akamlisha kwa mkono wake mtu mzima kuliko wote wa upande wa mwanamume. Huyo akimeza, neno limefungwa, na wengine wote wanakula. Akiitoa mithai kinywani, neno limefunguka, watu wanavaa viatu vyao, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kabla ya hapo binti na kijana hawatakiwi kusemezana hata salamu, na Nasrin na Tarik hawakuwa wamesemezana. Hivyo ndivyo ilivyosemwa.

Mtu mzima wa upande wa Tarik alikuwa bibi yake, Bi Karamat, mwanamke wa maneno machache, ambaye mbele ya watu daima alishika ncha ya ushungi mdomoni. Watu walisema ni haya za kizamani, wakamheshimu zaidi.

Basi siku moja kabla ya wageni, Bi Khalida alikwenda dukani kwa Nawazi, mpika mithai, pamoja na Nasrin na wifi yake Mumtazi. Nawazi akawapangia mezani: barafi za maziwa, ladu za dengu, jalebi za kukaanga zilizojisokota, gulabu jamu zinazoelea kwenye shira. Kila aliyoigusa Bi Khalida, Nawazi aliisifu. Ndiyo biashara.

"Barafi kila mtu anapeleka," alisema Mumtazi. "Hata kwenye hitima utaikuta."

"Jalebi, je?" aliuliza Bi Khalida.

Mumtazi akajifanya anatazama barabarani. Jalebi zake mwenyewe, siku ya posa ya mwanawe, zilinywea kwa joto la Tanga zikawa kamba, na mji ulikuwa haujasahau. Bi Khalida alikuwa ameuliza makusudi.

"Mama, tuchukue gulabu jamu," alisema Nasrin. "Ni laini."

"Laini ndiyo nini? Tunaposwa au tunaugua?"

"Au ladu basi. Zinamumunyika."

"Watu watoke Moshi, wapigwe na njia kutwa nzima, nije niwape ladu za watoto wa madrasa?"

"Mama, nakuomba. Mengine yote chagueni nyinyi, hata nguo nitakayovaa. Mithai niachie mimi."

Bi Khalida alimgeukia. Nasrin hakuwa mtoto wa kung'ang'ania kitu. "Kwa nini?"

Nasrin alizitazama gulabu jamu. "Basi tu."

"Basi tu haijawahi kuwa sababu," alisema mama yake, akaagiza halua ya Multani, sinia zima, juu itandazwe lozi na ile karatasi ya fedha inayolika. Mumtazi alikunja uso, na hilo peke yake lilimpa Bi Khalida raha ya siku nzima.

Wageni wakafika. Wakakaribishwa, Tarik akakaa karibu na mlango, wakapewa maji, wakauliziana hali za watu na hali za barabara. Nasrin alikuwa jikoni, kama desturi itakavyo. Sinia likaingia likimeta, na Bi Khalida akasikia mtu wa Moshi akisema "Mashallah" kwa sauti. Akavunja kipande, kikalia kama kigae. Akapiga magoti mbele ya Bi Karamat.

"Bismillah, mama."

Bi Karamat alishusha ushungi kidogo tu, akapokea, akaupandisha tena upesi.

Watu wakangoja. Shavu la bibi lilikuwa limevimba upande wa kulia. Baada ya muda likavimba upande wa kushoto. Kisha likarudi kulia. Baba yake Tarik alikohoa. Mumtazi aliinama kurekebisha bangili ambayo haikuwa na kasoro. Bi Khalida, akiwa bado amepiga magoti, aliona macho ya bibi yameanza kulowa, akaona mkono wake ukipanda polepole kuelekea mdomoni. Hakuelewa kosa liko wapi. Alijua tu kwamba mkono ule ukifika, mwanawe ameachwa mbele za watu.

Hapo pazia la jikoni likafunguka. Nasrin akatoka bila kuitwa, kichwa kimefunikwa, kikombe cha chai ya maziwa mkononi ikifuka moshi. Hakumtazama mtu. Alikaa chini karibu na mama yake, akamimina chai kwenye kisahani, akaipuliza, akaisogeza.

"Kunywa, bibi. Itayeyuka."

Bi Karamat alimtazama msichana. Akashika kisahani, akanywa, akasubiri. Akanywa tena. Shavu likapungua, likapungua, hata koo likatikisika, akameza. Baba yake Tarik akashusha pumzi ambayo alikuwa ameikalia tangu mwanzo.

"Wewe binti," alisema Bi Karamat, "nani kakwambia mimi sina meno?"

Hakuna aliyejua ila watu wa nyumbani kwake, na mtu wa nyumbani kwake ambaye angeweza kumwambia Nasrin alikuwa amekaa karibu na mlango, masikio yamemwiva. Nasrin aliinamisha kichwa. Bi Khalida alielewa gulabu jamu, akaelewa ladu, akaelewa na "basi tu."

Bibi akaushusha ushungi wote. Akacheka, fizi tupu mbele ya watu, kicheko kirefu cha mtu aliyejibana miaka.

"Hawa wawili wameshakubaliana zamani," alisema. "Sisi tumekuja kula mithai tu. Kuleni! Lakini ya harusi nitachagua mimi."

Akachagua kweli. Wiki ya harusi alishuka Tanga, akawekewa kiti dukani kwa Nawazi, akaonja kila kitu kwa fizi zake. Iliyomshinda aliirudisha. Nawazi alijaribu kuitetea halua ya Multani, akaambiwa aitafune yeye. Zikabaki ladu, gulabu jamu na barafi laini, na Mumtazi akapata la kusema tena kuhusu hitima.

Siku ya harusi Bi Khalida alikuwa akizunguka na sinia, akamfikia mama yake mzazi, Bi Hamida, aliyekaa pembeni na wazee wenzake. Bi Hamida alichukua ladu, akala. Akachukua ya pili. Leso yake ilikuwa imekunjwa mapajani. Tangu Bi Khalida apate akili, kila shughuli mama yake alifunga mithai yake kwenye leso hiyo, na watoto nyumbani waliisubiri.

"Leo huwabakishii wajukuu, mama?"

"Miaka yote hii sikuwa nawabakishia, mwanangu," alisema Bi Hamida. Akachukua ya tatu. "Leo nimeweza kutafuna."

Bi Khalida alisimama pale na sinia lake. Halua yote ile aliyompelekea mama yake, kila Idi, kila posa, kila akika, kwa kujivunia kwao. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko ya siku ya posa, kwa sababu hii hakuna mwingine aliyeiona. Akakaa chini, akachukua ladu, akammegea mama yake kwa mkono wake.

Tangu hapo, Tanga nzima mpaka Moshi, watu wakiketi kupanga jambo la wengi, yupo atakayesema: mithai ya shughuli huchaguliwa na kibogoyo.